Deni Lililolipwa na Daftari Lake: Somo la Musoma, Bunda na Butiama

Deni la mwananchi kwa Halmashauri huisha mara mbili: kwanza fedha inapotolewa, kisha linapofutwa daftarini. Hatua ya pili ndiyo inayomlinda mnyonge, nayo ndiyo inayopuuzwa. Sababu yake ni ya kitabaka. Daftari la wanaodaiwa hutunzwa kwa sababu lina faida kwa mdai. La waliokwisha kulipa halimfai yeyote ila mlipaji.

Ukoloni haukuficha jambo hili. Baada ya sheria ya 1926, Tawala za Wenyeji zilikuwa na hazina zao, na mwenye kodi ya kichwa ndiye aliyebeba mzigo wa ushahidi. Stakabadhi ikiliwa na mchwa, alihesabiwa kuwa hakulipa. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Desturi ya kumdai mkulima karatasi, huku ofisi haidaiwi daftari, haikufutwa pamoja nao.

Kisha yakaja Madaraka Mikoani. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Katika Mara, mkoa wa pamba, pigo hili la pili lilikuwa zito, maana ushirika ndio uliokopesha pembejeo na kukata mkopo wakati wa mauzo. Basi katika miaka minne, vyombo viwili vilivyojua nani amelipa nini viliondoka. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikiri mwaka 1984 kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Sheria za 1982 zilikwisha kurudisha halmashauri. Lakini Bunge haliwezi kutunga sheria ya kurudisha daftari lililopotea.

Kuna hatari nyingine, ya kimyakimya zaidi. Bunda ilipofanywa wilaya, na baadaye Butiama ilipomegwa kutoka Musoma, ilibidi mali na madeni yagawanywe. Deni lililo hai lina mwenyewe wa kuligombania. Lililolipwa hubaki kabatini katika wilaya mama, na aliyelilipa yuko wilaya nyingine.

Haya si mambo ya kale tu. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kelele zote zilikuwa juu ya wasiolipa, na zilistahili. Ila kikundi cha akina mama kilichomaliza marejesho yake hubaki na risiti ya mashine, ambayo wino wake hufifia kabla ya masika mawili kupita. Nakala yenye sahihi ya mweka hazina, iliyosomwa katika mkutano wa kijiji na kuandikwa katika muhtasari wake, haigharimu zaidi ya bei ya karatasi.