The Lord of the Rings toleo refu: Saa 11 za nini hasa?

Mvua za masika zikiibana Arusha na Meru ikijificha kwenye mawingu, wapo wanaofungia ndani wikiendi nzima na The Lord of the Rings. Kabla hujabonyeza play, hakikisha una toleo lipi. Kwenye flashi jina huwa lile lile, muvi ni mbili tofauti.

Njia rahisi ni kuangalia dakika. Matoleo ya sinema ya mwaka 2001, 2002 na 2003 yana dakika 178, 179 na 201. Toleo refu lina 208, 223 na 251, bila kuhesabu majina marefu ya mashabiki yanayopita mwishoni. Kwa hiyo kama muvi ya tatu inaishia saa 3 na dakika 20 hivi, umepewa fupi. Rudi dukani mapema.

Je, hizo saa mbili za ziada zina maana? Nyingine ni mapambo tu: nyimbo, safari, watu kula na kunywa. Ila zipo sehemu mbili zinazobadilisha hadithi.

Ya kwanza iko muvi ya pili. Kwenye toleo fupi Faramir anaonekana mtu mgumu tu anayetaka pete. Kwenye refu tunamuona baba yake, Denethor, akimsifia Boromir mbele za watu na kumdharau yeye. Ukishaona hapo, kila anachofanya Faramir kinaeleweka. Anatafuta kukubalika na mzee wake.

Ya pili ni Saruman. Muvi ya tatu ilipoingia sinema, adui huyu aliyesumbua muvi mbili alipotea kimya kimya. Toleo refu linaonyesha mwisho wake. Christopher Lee, aliyemuigiza, alikasirika kukatwa kiasi cha kususia uzinduzi, na kusema kweli alikuwa na haki.

Hata hivyo, kwa anayeangalia mara ya kwanza, aanze na fupi. Mwongozaji Peter Jackson mwenyewe huhesabu matoleo ya sinema kuwa ndiyo hasa muvi zake. Refu ni la wanaorudia. Na kama ulizoea muvi za kutafsiriwa za kibanda umiza, jiandae: hapa hakuna DJ wa kuchangamsha sehemu zilizopoa.

Mount Doom yenyewe ilitengenezwa kwa picha za Ngauruhoe na Ruapehu, volkano za New Zealand. Watu wa Arusha wasishangae sana, Meru nayo ni volkano, na ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Ukianza saa 2 asubuhi bila kusimama, unamaliza saa 1:22 jioni. Kwenye DVD kila muvi imegawanywa diski mbili, hivyo pale inapokatika ndipo pa kupika chai. Chaji laptop mapema, umeme hauna ahadi.