Chokoleti ya Nyumbani Iliyozaliwa Kiwandani

Mwaka 1888, katika Chuo cha Vassar mjini Poughkeepsie, jimbo la New York, mwanafunzi aitwaye Emelyn Hartridge alipika pauni 30 za faji, yaani zaidi ya kilo 13, ziuzwe kwenye mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Upishi wenyewe alikuwa ameupata kwa msichana aliyesoma naye shule. Binamu wa msichana huyo ndiye aliyekuwa akiipika faji huko Baltimore, na mwaka 1886 ilikuwa ikiuzwa dukani senti 40 kwa pauni. Hartridge alikuja kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na habari hii tunayo kwa sababu miaka mingi baadaye aliieleza kwenye barua.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hana haja ya kuelezwa sana faji ni kitu gani. Ni labania iliyotiwa chokoleti. Sukari, krimu na siagi huchemshwa pamoja na chokoleti iliyokatwakatwa, kisha huepuliwa, hupoa kidogo, husongwa hadi igande, ikakatwa vipande vya mraba. Wasichana wa Vassar waliipika vyumbani mwao kwa moto wa taa, saa ambazo walitakiwa wawe wamelala. Haikuchukua muda vyuo vingine vya wanawake, Wellesley na Smith, navyo vikawa na faji yao, kila kimoja kikiwa na namna yake ya kuipika.

Hapa kuna jambo ambalo wanaosifia zawadi za kutengeneza kwa mkono huwa hawaligusi. Miaka 100 kabla ya hapo, huenda Hartridge asingewaza kupika kitu hicho hata angekuwa na jiko la mfalme. Chokoleti ilikuwa hasa kinywaji. Wenyeji wa Amerika ya Kati waliinywa kwa karne nyingi, na Wahispania walipoipeleka Ulaya waliiongezea sukari, lakini ilibaki zaidi kitu cha kunywewa kikombeni. Shida ilikuwa mafuta. Karibu nusu ya uzito wa kiini cha mbegu ya kokoa ni mafuta, na ukikitwanga na kukichemsha, mafuta hayo huelea juu kama ya mchuzi uliozidi samli.

Mwaka 1828, nchini Uholanzi, familia ya van Houten ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta hayo. Waliokuwa wakitafuta ni kinywaji chepesi, na walikipata, kwa kuwa mashudu yaliyobaki yalisagwa yakawa unga wa kokoa tunaoujua. Lakini sasa kulikuwa na madebe ya mafuta safi ya kokoa yanayotafuta kazi. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, iliyarudisha kwenye kokoa iliyosagwa na sukari, ikapata rojo linalomiminika kwenye umbo na kuganda. Hilo ndilo bapa la kula. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt, huko Bern, Uswisi, alianza kuisugua chokoleti kwa mashine kwa saa nyingi mfululizo hadi ikawa laini ya kuyeyuka ulimini. Kwa hiyo mpishi wa nyumbani alikuja kukaribishwa mwisho kabisa, kazi ngumu ikiwa imekwisha kufanywa na vyuma.

Na aliyemkaribisha alikuwa mwenye kiwanda. Kampuni ya Walter Baker ya Dorchester, Massachusetts, iliyoanza kusaga kokoa karne ya 18, ilielewa mapema kwamba mama anayejua upishi mmoja atanunua bapa moja, na anayejua upishi 50 atakuwa mteja wa maisha. Ikachapisha vijitabu. Kile cha mwaka 1909 kilikuwa na mapishi ya Maria Parloa, mmoja wa walimu wa upishi waliojulikana sana Marekani wakati ule, pamoja na sehemu nzima ya Janet McKenzie Hill kuhusu peremende za kutengeneza nyumbani. Mtu alifundishwa kuviringa vijidonge vya sukari laini, kuvichovya kimoja kimoja kwenye chokoleti iliyoyeyushwa na kuviacha vikauke. Zawadi ya Krismasi iliyoandikwa “nimetengeneza mwenyewe” ilikuwa pia tangazo la biashara. Silisemi hili kwa kubeza; upishi ni mzuri.

Hata wazo la kuipanga chokoleti kwenye kisanduku cha kupendeza lilitoka kwa wenye viwanda. Miaka ya 1860 Richard Cadbury, mwenye kiwanda cha chokoleti Birmingham, Uingereza, alianza kuuza visanduku vilivyopambwa kwa picha, na watu walivitunza baada ya kumaliza kilichomo, wakawekea barua na nyuzi.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoirudisha kazi ya kutengeneza chokoleti mikononi mwa watu bila kijitabu cha kampuni. Peremende na chokoleti zilianza kugawiwa kwa kuponi Uingereza Julai 1942. Wapishi wakaunda chokoleti ya kubahatisha kwa unga wa kokoa, majarini, maziwa ya unga na sukari iliyodunduizwa. Vita vikaisha, kuponi zikabaki. Aprili 1949 serikali iliziondoa, watu wakavamia maduka, na mnamo Agosti zikarudishwa. Ziliondoka kabisa Februari 1953.

Kwetu pwani desturi hii ya kutengeneza chokoleti nyumbani haikushika mizizi, na mimi naona sababu ni joto kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta ya kokoa huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, na chokoleti hulegea kabla ya hapo. Anayeichovya kwa ufundi huiyeyusha, huipoza, kisha huipasha tena hadi nyuzi 31 au 32 ili igande ikiwa na mng’ao. Mchana wa Desemba Dar es Salaam hewa yenyewe ndiyo nyuzi hizo! Ukiikimbizia kwenye friji, ikitoka hutokwa jasho, na baada ya siku mbili huwa na ukungu mweupe. Zao lenyewe lipo, Kyela na Rungwe wanalima, na bonde la Kilombero pia, lakini mbegu nyingi husafirishwa zikiwa kavu, zikawe chokoleti kwenye nchi za baridi.

Nchi za joto zilizofaulu zilirudi kwenye sufuria. Brazili wana brigadeiro, kidonge cha maziwa mazito ya kopo kilichopata jina kutokana na Brigedia Eduardo Gomes, mgombea urais wa mwaka 1945. Kinasongwa motoni mpaka kiachane na sufuria, halafu kinaviringwa kwa mikono iliyopakwa siagi. Hakiyeyuki ovyo, kwa kuwa kilichokishika ni sukari na maziwa yaliyopikwa, kama labania inavyovumilia sinia la Idi kutwa nzima. Wala hakihitaji bapa la chokoleti. Kinatosheka na vijiko vichache vya unga wa kokoa, yale mashudu ya van Houten.