Mbwa Anabweka, Nani Anatoka Nje?

Mageti ya Mbweni yana maandishi mawili ambayo mpita njia huyazoea upesi. La kwanza ni "Nyumba hii haiuzwi", kinga ya wenye nyumba dhidi ya matapeli wa viwanja. La pili ni "Mbwa mkali". Kata hii iko kaskazini kabisa mwa Kinondoni, bahari upande mmoja, na mbele yake Mto Mpiji unaoitenga na Bagamoyo. Ilikuwa ya wavuvi, minazi na mikorosho. Leo wenyeji wanaishi ukuta kwa ukuta na waliohama katikati ya jiji kuja kujenga, na zilipoinuka kuta, mbwa nao waliongezeka. Usiku akianza mmoja huku, anaitikiwa na wa mtaa wa pili, kisha wa tatu, mpaka mtoto mchanga anaamka na mzee anayeondoka saa kumi kwenda kuvua anakosa usingizi wake mfupi.

Malalamiko yamezoeleka: mbwa wa fulani ana kelele, hana adabu, afungwe, auzwe. Mimi naona swali limeanzia pabaya. Ukisoma namna jamii mbalimbali zilivyoishi na mbwa, utakuta karibu zote zilijua kwamba mbwa hubweka ili mtu afanye jambo. Zilitofautiana juu ya jambo lenyewe, lakini mtu alikuwepo. Katika nyua zetu mtu huyo hayupo.

Tuanze na onyo hilo la "Mbwa mkali" getini, maana lina umri mkubwa. Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, kuna nyumba ambayo sakafu ya mlangoni imepambwa kwa vijiwe vya rangi vinavyochora mbwa mweusi mwenye mnyororo. Chini yake kuna maneno ya Kilatini yanayomtaka mgeni ajihadhari na mbwa. Columella, mwandishi wa mambo ya kilimo wa karne hiyohiyo, alitaka mbwa wa kulinda nyumba awe mweusi, ili mchana atishe na usiku mwizi asimwone. Alimtaka pia awe na sauti nzito yenye mvumo. Wenye nyumba wa Mbweni wangeafikiana naye papo hapo. Lakini Columella aliongeza sharti ambalo wengi wetu hatulifikirii tunaponunua kijibwa cha jamii ya Kijerumani: mbwa asiwe mpole hadi amchangamkie mwizi, wala mkali hadi awarukie watu wa nyumbani. Alitaka hata jina lake liwe fupi, asikie upesi anapoitwa. Kwake yeye mbwa ni mfanyakazi wa shamba, anaitwa na kuitika.

Warumi walikuwa wakali kwa mbwa aliyenyamaza. Wagalia walipopanda kilima cha Capitolium mjini Roma usiku, mnamo mwaka 390 kabla ya Kristo, waliopiga kelele na kuwaamsha walinzi walikuwa mabata bukini, si mbwa, kama masimulizi ya Kirumi yanavyosema. Basi kila mwaka bukini wakabebwa kwa heshima, na mbwa wakaadhibiwa hadharani. Ni ukatili, na sitaki tuusifu. Ila unaonyesha walichokidai kwa mbwa: sauti kwa wakati wake, na askari wa kuamka akiisikia.

Pwani yetu inasemekana kuwa ya watu wasiopenda mbwa, na hili linahitaji kusahihishwa. Waislamu wengi wa huku ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hadithi inasema anayefuga mbwa bila sababu hupungukiwa thawabu kila siku, lakini hadithi hiyohiyo inamtoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Sababu hizo zilikuwepo pwani. Nguruwe mwitu humaliza muhogo kwa usiku mmoja, na wasasi wa Unguja na Pemba wamewasaka kwa mbwa vizazi na vizazi, wakiwa Waislamu safi. Mbwa alikuwa na kazi, na alikuwa na mahali pake, nje ya nyumba. Na katika Sura ya Al-Kahf, inayosomwa kila Ijumaa misikitini na majumbani, yumo mbwa aliyelala na vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake kizingitini. Hatusikii akibweka popote katika kisa hicho. Kuwapo kwake mlangoni kunatosha.

Iko hadithi nyingine, katika mkusanyiko wa Abu Daud, ambayo naiona kiini cha jambo hili. Waumini wanaambiwa kwamba wakisikia mbwa wakibweka na punda wakilia usiku, wamwombe Mungu kinga, kwa sababu wanyama hao wanaona wasichokiona wao. Tazama kinachotakiwa hapo. Mwenye kuisikia sauti hatakiwi kurusha jiwe wala kutukana. Anatakiwa aseme neno, aipokee habari hata kama hajui imetoka wapi.

Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, mbali kabisa na imani hiyo na karne nyingi kabla yake, anakaribia wazo hilohilo. Katika utenzi wa Odyssey, mchunga nguruwe Eumaeus ana mbwa wanne wakali aliowalea mwenyewe. Odysseus, shujaa wa utenzi huo, anapofika akiwa katika sura ya ombaomba, wanamvamia kwa kelele. Yeye anaketi chini na kuiachia fimbo yake, na Eumaeus anatoka mbio, anawakaripia na kuwatawanya kwa mawe. Baadaye anakuja kijana Telemachus, wanayemfahamu, nao hawabweki, wanatikisa mikia. Odysseus anautambua ukimya huo na kusema ni lazima huyu anayekuja ni mwenyeji. Kisha anatokea mungu wa kike Athena. Telemachus hamwoni. Odysseus anamwona, na mbwa wanamwona. Hawabweki, wanajikunyata wakilia kwa sauti ya chini hadi upande wa pili wa boma. Wageni watatu, sauti tatu, na kila mara yupo binadamu anayezitofautisha. Sijui maandishi ya kale yanayomfundisha mfugaji zaidi ya haya.

Kwamba mbwa hupata habari tusizozipata ni kweli hata bila miungu. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika takriban 45,000. Na kwamba sauti zake zinatofautishika limepimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, waliwasikilizisha watu rekodi za mbwa wakibweka katika hali mbalimbali: mgeni amekuja, mbwa amefungwa peke yake, mbwa anacheza. Wasikilizaji walitambua hali hizo kwa kiwango kinachozidi kile cha kubahatisha tu, hata wale wasiofuga mbwa. Maana yake jirani yako wa Mbweni, aliyelala akisikiliza, ana uwezo wa kujua kwamba mbwa wako analia upweke, huku wewe unajiambia kwamba analinda.

Upande wa bara, mfugaji wa Kimaasai hahitaji utafiti huo. Boma limezungushiwa miiba, ng'ombe na mbuzi wako ndani, na fisi au chui akisogea mbwa wanapasua usiku kwa sauti. Mtu huamka na mkuki na tochi, akaenda kuangalia. Mchana mbwa hao hutembea na mifugo, na jioni wamechoka. Tofauti iliyopo kati ya mbwa huyo na yule wa geti la Mbweni ni kubwa kuliko ya damu na ukoo: mmoja ana siku, mwingine ana ua wa hatua ishirini na kivuli cha tangi la maji. Halafu, jambo la kushangaza, nyumba nyingi za hapa zimemwajiri Mmaasai awe mlinzi wa usiku na kumfuga mbwa wa usiku, na wawili hao hawafanyi kazi pamoja. Mlinzi yuko kibandani, mbwa yuko kwenye mnyororo nyuma ya nyumba.

Kule misitu ya Ituri, mashariki ya Kongo, tatizo liligeuzwa. Mbwa wadogo wa huko, ambao Wazungu waliwafanya ukoo unaoitwa Basenji, hawabweki kama wengine. Hutoa sauti nyingine, karibu na kuimba. Mwindaji anayemfuata mbwa kimya msituni humpoteza, kwa hiyo humfunga njuga ya mti shingoni. Binadamu alipokosa sauti ya mbwa, aliitengeneza. Huo ndio ushahidi wangu wa mwisho kwamba tangu zamani hatukumtaka mbwa asiyesikika. Tulitaka kusikia na kufuata.

Sasa rudi kwenye geti. Chini yake kuna uwazi wa vidole vinne, na katika uwazi huo mbwa huona miguu ya kila apitaye: muuza samaki, wanafunzi, dereva wa bodaboda. Anabweka. Miguu inaondoka, maana ilikuwa inapita tu. Yeye anajifunza kwamba kubweka kumemfukuza adui, na kesho atabweka mapema zaidi. Hakuna aliyemfundisha vibaya, geti limemfundisha. Ndani mtu anapiga kelele, "Nyamaza wewe!" Kwa mbwa, bwana wake naye sasa anabweka. Wamekuwa wawili.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya fundi. Uwazi wa geti uzibwe kwa bati au ubao, na banda lihamishwe kutoka ukuta wa barabarani kwenda karibu na jiko au kibaraza, ambako kuna watu. Mbwa anayelala akisikia watu wa nyumba yake hana haja ya kuwatafuta usiku kucha. Mnyororo wa mchana kutwa uachwe. Mbwa aliyefungwa hawezi kusogelea kinachomtisha wala kukikimbia, na kinachobaki ni koo.

Dawa ya pili ndiyo ya Eumaeus. Akibweka, mtu atoke. Aangalie upande anaoangalia mbwa, kwa sekunde chache, kwa utulivu, aseme neno moja lilelile kila siku, "basi" linatosha, kisha amwite pembeni. Akinyamaza, apewe dagaa mmoja. Wakati ni kila kitu hapa: dagaa hutolewa kwenye ukimya, kamwe si katikati ya kelele, la sivyo umenunua kelele. Mwanzo ukimya wa pumzi mbili unatosha. Baadaye unadai zaidi. Kazi hii ni ya majuma mengi, na nyumba nzima ifuate neno moja. Ikiwa baba anasema "basi", dada wa kazi anarusha kandambili na watoto wanacheka, mbwa atabaki na alichofundishwa na geti.

Mlinzi naye apewe mbwa wake. Wazunguke ukuta pamoja mara kadhaa usiku. Mmaasai aliyekulia bomani anajua kusoma masikio ya mbwa kuliko mwenye nyumba aliyemnunua, na ni hasara kubwa kumlipa mtu huyo mshahara kisha ujuzi wake ukalala kibandani. Alfajiri au jioni mbwa atolewe kwa kamba, apelekwe kuelekea ufukweni, anuse, achoke, azoee pikipiki na watoto. Apewe njia pembeni ya watu wanaokwenda kuswali. Heshima hiyo haigharimu kitu, na ndiyo inayofanya jirani akuvumilie siku mbwa atakapokosea. Kuhusu kulia kwake adhana inaposikika kwenye kipaza sauti, mwache. Anaitikia sauti ndefu kama wenzake walivyo, na hudumu dakika chache. Lakini sauti yake ikibadilika ghafla, ikakwaruza bila sababu, usimsogelee. Hiyo ni mojawapo ya dalili za kichaa cha mbwa, na hapo anatakiwa daktari wa mifugo. Chanjo yake ya kila mwaka iwe imeshachomwa kabla.

Njia za mkato zipo, na nazikataa. Kuna kola za kumpiga mbwa shoti ya umeme kila anapobweka. Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Kuna operesheni ya kukata nyuzi za sauti. Mkataba wa Ulaya wa Kulinda Wanyama wa Nyumbani wa mwaka 1987 unaikataza. Zote mbili zinaondoa sauti na kuacha hofu au upweke palepale.

Wajerumani walijaribu kupima kwa saa: mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya Köln iliamua mbwa asibweke zaidi ya dakika kumi mfululizo wala thelathini kwa siku, na asisikike saa za mapumziko. Sidhani kama tunalihitaji hilo Mbweni. Jirani akipita asubuhi na kusema, "Habari za asubuhi jirani, huyo mbwa wenu jana hakutulaza," ameshatoa taarifa kamili, na ikishindikana yupo mjumbe, na baada yake ofisi ya serikali ya mtaa.

Inayobaki kuwa ngumu ni nyumba isiyo na mtu wa kuambiwa. Zipo Mbweni: mwenyewe yuko nje ya nchi au anakaa upande mwingine wa jiji, jengo limeachiwa kijana anayekuja kumwaga ugali kila baada ya siku kadhaa, na mbwa anabweka tangu magharibi hadi jua kuchomoza. Hapo mafunzo ya dagaa na "basi" hayasaidii. Kwa nyumba ya namna hiyo ningemshauri jirani aende kwa afisa mifugo wa kata kabla ya kwenda kulalamikia kelele, kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na njaa, kiu na mateso, na mbwa huyo ana madai yake mwenyewe, hata kama jirani alichokuwa akikitafuta ni usingizi.