Mti wa Kwetu, Muhuri wa Glasgow

Zumari la Waskoti, lile lenye mfuko wa hewa kwapani na mabomba matatu begani, hupigwa muhuri wa fundi wake. Henderson na Lawrie wa Glasgow, Glen wa Edinburgh: majina haya wakusanyaji wa vyombo vya kale wanayatafuta kwa tochi, na seti nzuri ya zamani inaweza kuuzwa kwa bei ya bodaboda mpya tatu au nne. Mimi nakereza mbao Unga Limited, hapa Arusha. Miguu ya meza, nguzo za ngazi, rungu za kuwauzia watalii, ndiyo kazi yangu. Nikisoma historia ya mazumari hayo naona mafundi wa Uskoti wamesifiwa, na wamestahili. Ila mti wenyewe, mpingo, na mara nyingi zile pete nyeupe za pembe ya ndovu, vilitoka bara letu, na huku hakuna aliyepiga muhuri.

Waskoti hawakuanza na mpingo. Mafundi wao wa kale walikuwa wakereza kama mimi, watu wa kutengeneza chochote kinachozunguka kwenye mashine, leo bakuli, kesho zumari. Walitumia miti ya kwao, hata ya matunda. Baadaye meli zikaleta mti mgumu kutoka Jamaika na Kuba, uitwao kokasi, wakaupenda hadi ukaanza kuadimika. Mwaka 1827 Thomas Glen alifungua duka lake Edinburgh, na ukoo wake ukaendelea na kazi hiyo vizazi kadhaa. Kisha jeshi likaingia sokoni. Mwaka 1854 serikali ya Uingereza iliwatambua rasmi wapiga mazumari katika vikosi vya Waskoti wa milimani, na vikosi hivyo vilikuwa vikitumwa kila pembe ya himaya. Mazumari mengi yakatakiwa, tena yawe ya kustahimili joto la India na baridi ya nyumbani. Kufikia mwisho wa karne ya 19 mti uliokuwa ukishinda mingine yote ulikuwa mpingo.

Anayetaka kujua sababu aje aushike. Mpingo ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama. Patasi niliyoinoa asubuhi inakuwa butu kabla ya chai ya saa nne. Hautoi maranda marefu kama mvule, unatoa vumbi jeusi linalowasha pua na kukaa kwenye mikunjo ya shingo mpaka uoge mara mbili. Lakini una mafuta yake ndani. Ukishaupitisha msasa laini unang'aa wenyewe, bila vanishi, na ukiutoboa tundu, ukuta wa tundu unabaki laini kama kioo. Pumzi ya mtu ina maji. Mti mwingine ungevimba, tundu likabadilika, sauti ikapotea. Mpingo hunywa maji kidogo sana. Kijana anayejifunza kwangu, chalii wa Ngaramtoni, alipoushika siku ya kwanza aliniambia, "Fundi, hiki ni chuma kimejificha kwenye gome."

Habari ya pembe inapita karibu zaidi na nyumbani. Zanzibar ya karne ya 19 ndiyo iliyokuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na misafara ya kutoka Pangani ilipanda kupitia Arusha Chini kuelekea nchi ya Wamasai. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Mwaka 1883 aliungana njiani na Joseph Thomson, Mskoti wa Penpont aliyekuwa na miaka 25 tu. Miaka minne baadaye Kimemeta alifuatana na Teleki, yule mwungwana wa Hungaria aliyefika hadi Mlima Meru. Vitabu vya Wazungu vimewaita Thomson na Teleki wavumbuzi. Kimemeta ameandikwa kama msaidizi, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anajua njia, bei na salamu za wenyeji. Pembe nyingi ziliishia kuwa vibao vya piano, vichana na mipira ya biliadi, na kiasi kidogo kikawa pete za mazumari. Sidai kwamba ndovu wa Meru amekaa begani mwa mpiga zumari fulani wa Glasgow. Nasema njia ilikuwa hiyo hiyo moja, na wabebaji walikuwa wetu.

Zumari la kale nimewahi kulishika mara moja. Mzee mmoja Mskoti aliyewahi kulima kahawa pande za Usa River aliniletea bomba lake kubwa la mngurumo, limepasuka karibu na maungio. Lilikuwa la baba yake.

"Fundi, utaweza kuliunga?"

"Mzee wangu, mti huu naujua. Wacha nilitazame kwanza."

Niliingiza taa ndogo ndani ya tundu. Fundi aliyelitoboa alikuwa na kekee ndefu ya mkono na subira ya ajabu, maana tundu lilikuwa katikati kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nje alikuwa amechonga mistari ya pete, mingine myembamba, mingine minene, kwa mpangilio ambao mashine za leo huuiga bila kuufikia. Nikasaga mpingo kupata unga, nikaujaza kwenye ufa pamoja na gundi kali ya matone, nikafunga kwa uzi siku nzima, nikapiga msasa. Ufa ulipotea. Nilimwambia asiliache karibu na dirisha. Upepo mkavu wa Arusha mwezi wa pili si rafiki wa mti uliokwisha kutobolewa.

Kwa nini hakulipeleka kwao likatengenezwe na wenyewe? Kwa sababu ya zile pete za pembe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na chombo cha kale bila karatasi kamili kinaweza kuzuiwa mpakani. Mwaka 2014 vijana wawili wa Marekani walinyang'anywa mazumari yao wakirudi kutoka Kanada, moja likiwa la miaka ya 1930. Walirudishiwa baada ya kelele nyingi. Mzee wangu alikuwa amesoma habari hiyo, akaamua zumari lizeeke naye hapa hapa.

Katika mfuko aliobebea bomba hilo alikuwa pia na kipenga cha polisi cha shaba kilichoandikwa Hudson, Birmingham. Joseph Hudson alikuwa fundi wa vyuma, na mwaka 1883 polisi wa London walikichagua kipenga chake. Mwaka uliofuata akatoa kile chenye punje ndani, ambacho mpaka leo ukoo wake unasikika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kila mwamuzi anapoona madhambi. Hiki pia kina jina la fundi. Ile pembe ya tandala ambayo Wamasai hupuliza kwa tundu la ubavuni kuita morani haina jina la mtu, wala haijawahi kulihitaji, kwa kuwa kila anayeisikia anajua anaitwa yeye.

Nirudi kwenye mti. Gogo la mpingo likifika kiwandani kusini, Lindi au Kilwa, msumeno unatafuta vipande vilivyonyooka, visivyo na fundo, ufa wala ule mti mweupe wa nje. Vikipatikana vinatumbukizwa kwenye nta ili visikauke kwa pupa, kisha vinasafirishwa kwenda kuwa klarineti, obo na mazumari. Kinachofaa hakizidi sana sehemu moja ya kumi ya gogo. Na mpingo hukua kwa kujikunja, una miiba, una mashina mengi, na huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kukatwa. Baba yangu, mchonga vinyago wa Kimakonde aliyekuja kwanza kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufuata watalii Arusha, alikuwa akiwacheka wanunuzi wa magogo yaliyonyooka. Yeye alitaka gogo lililopinda, lenye shimo, ambalo tayari lina shetani ndani. Mti mmoja uliweza kulisha kazi mbili zisizogombana. Siku hizi mpingo halisi ni ghali, na nusu ya vinyago vyeusi utakavyouziwa mjini ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Kwaruza chini kwa ncha ya ufunguo utaona.

Aliyeuhangaikia mti huu upande wetu alikuwa Sebastian Chuwa wa Kibosho. Alijua mimea kuliko wengi waliosomea, na aliwahi kufanya kazi Ngorongoro. Mwaka 1996 yeye na James Harris, mkereza wa Texas aliyeguswa na filamu ya televisheni kuhusu mpingo, walianzisha mradi wa kupanda mpingo wenye makao Moshi. Kwa msaada wa shule na vikundi vya akina mama walivuka miche milioni moja mwaka 2004. Chuwa alifariki mwaka 2014. Miche ile ya kwanza bado ni myembamba kama mpini wa jembe, nayo itawafaa wajukuu wa wajukuu. Mwaka 2009 vijiji viwili vya wilaya ya Kilwa, Kikole na Kisangi, vikapata cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya jamii. Pesa ya gogo ikaanza kubaki kijijini kwa kiasi kinachoonekana.

Kinachonikera ni Sialkot. Mji huo wa Pakistani unatoa mazumari ya Waskoti kwa maelfu, mengi kwa mti wa shishamu, ambao ni binamu wa mpingo na ni duni kwake. Waskoti wanayadharau, na kwa sauti wana haki. Lakini mafundi wa Sialkot walijifunza kutoboa, wakajifunza vipimo vya noti tisa, wakajenga kazi inayolisha watu. Sisi tulio na mti bora tunaupaka nta na kuupakia melini. Tusisingizie umaskini wa mikono. Mtu aliyetoa sura tatu ndani ya gogo moja bila kuchora mstari hashindwi na bomba.

Kinachotukwamisha ni kifaa kimoja: ile kekee ya kupanua tundu la bomba la nyimbo, ambalo huanza jembamba juu na kutanuka kuelekea chini. Kipimo chake kila ukoo wa mafundi ulikificha kama dawa. Mzee wa Usa River aliniachia nipime la kwake kwa waya na nta. Namba nimeziandika ukutani kwa chaki, na chuma cha kuchongea nimekwisha kukipata kwenye springi ya lori.