Bia Melini: Ni Nani Huiandika Orodha?

1. Utangulizi

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii husemwa juu ya chombo. Katika makala haya tunakusudia kuitumia juu ya kinywaji kilichomo ndani ya chombo. Abiria anayepanda meli kubwa ya utalii katika bandari ya Miami, Hamburg au Barcelona hukabidhiwa orodha ya bia mara aketipo kwenye baa. Huona majina mengi, akadhani kwamba yuko huru kuchagua. Kumbe wengine wamekwisha kumchagulia: urefu wa safari, sheria za nchi, na mapatano ya wafanyabiashara. Tutaonyesha jinsi mambo hayo matatu yalivyofuatana katika historia, kisha tutajiuliza sisi wenyewe, wenyeji wa nchi yenye mto mkuu na maziwa makuu, tunasimama wapi katika orodha hiyo.

Huenda msomaji akaliona somo hili kuwa dogo. Wanahistoria wetu wameandika juu ya pembe za ndovu, mpira na shaba, nayo bia wakawaachia wanywaji. Hata hivyo, kitu kinywewacho kila siku hubeba ushahidi ambao hati za serikali aghalabu huuficha.

2. Bia iliyokuwa posho

Kabla haijawa starehe, bia melini ilikuwa posho. Tangu karne ya 17, baharia wa jeshi la maji la Uingereza aliyekuwa katika bahari za karibu na kwao alipimiwa galoni moja ya bia kwa siku, yaani kama lita nne na nusu. Haikuwa karamu. Maji yaliyowekwa katika mapipa ya mbao yalioza na kunuka baada ya majuma machache, lakini bia, kwa kuwa ilichemshwa na kutiwa maua machungu ya hopsi, ilidumu zaidi. Hata hiyo nayo ilichacha ilipofika katika bahari za joto. Ndiyo sababu katika safari za mbali mahali pake palichukuliwa na mvinyo au ramu. Mwaka 1773, nahodha James Cook, akiwa katika ghuba ya Dusky Sound huko New Zealand, aliamuru ipikwe bia kwa majani na matawi ya miti ya mahali pale, akitumaini kuwakinga mabaharia na kiseyeye. Posho ya bia katika jeshi hilo la maji ilikomeshwa mwaka 1831.

Wakati huohuo biashara ilikuwa imekwisha kuona faida. Mwishoni mwa karne ya 18, mpika bia George Hodgson wa mtaa wa Bow, mashariki mwa London, aliwauzia manahodha wa meli za Kampuni ya India ya Mashariki. Meli hizo zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuvuka ikweta mara mbili, nazo zilikaa njiani miezi minne au zaidi. Bia yenye hopsi nyingi ndiyo iliyoweza kuistahimili safari hiyo. Lakini ubora peke yake haukutosha: Hodgson aliwakopesha manahodha kwa muda mrefu, wakalipa baada ya kuuza. Katika miaka ya 1820, Samuel Allsopp na wenzake wa mji wa Burton waliingia katika soko hilo na kumpokonya. Hapa twapata fundisho la kwanza. Aliyechagua bia ya Calcutta hakuwa mnywaji, bali nahodha aliyekopeshwa.

3. Sayansi na safari za starehe

Karne ya 19 iliivunja ile nguvu ya joto na ya muda. Mwaka 1842 mjini Plzeň, Bohemia, ilipikwa kwa mara ya kwanza bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ambayo leo huitwa pilsna. Katika miaka ya 1870 Carl von Linde alibuni mashine za kutengeneza baridi, na viwanda vya bia vikawa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Mwaka 1876 Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia na magonjwa yake. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuikuza hamira safi kutokana na chembe moja tu. Tangu hapo bia iliweza kutiwa katika chupa, kusafirishwa hadi ng'ambo, na kufika ikiwa na ladha ileile. Kiwanda cha Beck kilichoanzishwa Bremen mwaka 1873 kililenga tangu mwanzo soko hilo la ng'ambo.

Ni katika hali hiyo safari za starehe zilipozaliwa. Albert Ballin, kiongozi wa shirika la meli la Hamburg, aliona kwamba meli zake za kwenda Amerika hukosa abiria wakati wa baridi. Tarehe 22 Januari 1891 meli Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven ikiwa na abiria 241, kwenda kuzunguka bahari ya Mediteranea. Haikuwa inawahamisha watu. Ilikuwa inawatembeza na kuwarudisha. Mwaka 1900 iliteremshwa majini Prinzessin Victoria Luise, ambayo iliundwa mahsusi kwa kazi hiyo.

Katika meli za namna hiyo bia ilibadilika hadhi: ilitoka katika pipa la posho, ikaingia katika glasi ya mtu anayepumzika. Meli hupakia mahitaji yake bandarini kwake, kwa hiyo abiria alitembezwa mbali huku akinywa kama anavyokunywa kwao. Sisi pia tuliijua njia hiyo, ingawa si kwa starehe. Mwaka 1895 ilianzishwa Compagnie Belge Maritime du Congo, iliyounganisha Antwerp na Matadi. Kabla ya viwanda vya miaka ya 1920, bia ya chupa iliyonywewa na wakoloni huku ilifika kwa meli. Kiwanda cha bia cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na chupa zake za kwanza zilitoka Desemba 1926.

4. Sheria na bendera

Jambo la pili ni sheria, nayo ina kisa cha kustaajabisha. Januari 1920 Marekani ilianza kutekeleza Marekebisho ya 18 ya katiba yake, yaliyopiga marufuku kutengeneza na kuuza vileo. Swali likazuka: je, meli yenye bendera ya Marekani, ikiwa katikati ya bahari, ni ardhi ya Marekani? Mwaka 1922 Mwanasheria Mkuu Harry Daugherty alijibu kwamba ndiyo. Abiria wenye kiu wakazikimbilia meli za Waingereza na za mataifa mengine. Mwaka 1923, katika kesi ya kampuni ya Cunard dhidi ya Mellon, Mahakama Kuu iliamua vingine: meli ya Marekani ikiwa mbali na pwani haifungwi na marufuku hiyo, lakini meli ya kigeni haina ruhusa ya kuingia na vileo katika maji ya Marekani, hata vikiwa vimefungiwa ghalani.

Kabla ya hukumu hiyo, wenye meli mbili za abiria, Reliance na Resolute, walikuwa wamepata njia yao. Mwaka 1922 walizihamisha kutoka usajili wa Marekani hadi usajili wa Panama, ili abiria waendelee kunywa. Tendo hilo huhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya desturi ambayo leo imeenea mno: meli kubeba bendera ya nchi isiyo ya wenye mali. Meli nyingi za utalii zimesajiliwa Panama au Bahamas, ijapokuwa ofisi za makampuni yao ziko kwingine. Bendera hiyo huamua kodi, ukaguzi, na hasa masharti ya kazi ya wahudumu. Basi kijana anayemmiminia mtalii bia hufanya kazi chini ya mfumo ambao miongoni mwa sababu za kuzaliwa kwake ni kileo hichohicho anachokimimina. Nadhani hakuna mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuzaa jambo kubwa.

Marufuku ilifutwa Desemba 1933, lakini athari za sheria hazikuisha. Bia inayopakiwa kwa matumizi ya baharini kwa kawaida hupita forodhani bila kulipiwa ushuru wa nchi, mradi isinywewe humo. Ndiyo sababu katika bandari nyingine, mathalani Galveston huko Texas, sheria za jimbo zimewahi kuyafanya makampuni yasiwauzie abiria vifurushi vyao vya vinywaji mpaka meli iwe imefika mbali na pwani. Orodha hubadilika pale ambapo mpaka wa sheria hupita, na mpaka huo haumo katika macho ya abiria.

5. Bia inayopikwa juu ya mawimbi

Je, kama safari huiharibu bia na sheria huizuia, kwa nini isipikwe melini? Wazo hilo lilijaribiwa na jeshi. Menestheus, meli ya Uingereza iliyokuwa ikitega mabomu baharini, ilifanywa kuwa meli ya burudani kwa wanamaji waliokuwa katika Pasifiki, ikawekewa kiwanda cha bia kilichotumia maji ya bahari yaliyokenekwa pamoja na kimea kilichokwisha kukamuliwa. Kilipoanza kutoa bia, mwishoni mwa 1945, vita vilikuwa vimekwisha.

Miaka mingi baadaye wenye utalii walirudia wazo hilo. Mwaka 2010 ilikabidhiwa AIDAblu, iliyoundwa na kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani. Hiyo ndiyo meli ya utalii ya kwanza kuwa na kiwanda chake cha bia, kinachotumia maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mwaka 2016 ikafuata Carnival Vista, ambayo ilileta jambo hilo katika soko la Amerika ya Kaskazini. Katika bia ya namna hii, nahodha mwenye mkopo na forodha ya bandari wamepungukiwa na nguvu. Lakini tusidanganyike. Kimea na hopsi bado hupakiwa bandarini, na anayeamua ni bia gani ipikwe ni kampuni ileile inayomiliki baa, vyumba na hata ratiba ya kutua.

6. Orodha ya leo na maji yetu

Tukizisoma orodha za sasa, twakuta majina yanayorudiwa karibu kila mahali: Heineken, Budweiser, Corona, Stella Artois, Guinness. Majina ya Afrika ni nadra. Sababu ni nini? Si ladha. Kwa miongo kadhaa Bralima, kampuni inayotengeneza Primus, ilikuwa chini ya Heineken ya Uholanzi. Watoto wa nyumba moja, lakini mmoja alipanda meli na mwingine akabaki gatini.

Sababu mojawapo, kwa maoni yetu, ni chombo chenyewe. Bia yetu huuzwa katika chupa kubwa ya kioo inayorudishwa. Mnywaji wa Lubumbashi au Kisangani anajua kwamba bila chupa tupu hapati iliyojaa kwa bei ya kawaida. Huo ni mfumo wa mji na wa mto: chupa hushuka, hupanda, huoshwa, hujazwa tena. Meli ya utalii haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa hairudi kwenye kiwanda. Yenyewe hutaka kopo, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, au pipa la chuma. Kopo ni jepesi, halivunjiki karibu na bwawa la kuogelea, nalo hushindiliwa likabaki kipande kidogo.

Sababu nyingine ni ya kihistoria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali zilizokenekwa katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, yaani pamoja na Kongo yote. Bia haikuguswa. Hivyo, viwanda vilipojengwa, vilikuta soko la ndani ambalo sheria ilikuwa imeliacha wazi, vikajengwa kwa ajili ya soko hilo. Bia ya Bremen ilizaliwa ikitazama bahari. Ya kwetu ilizaliwa ikitazama bara. Tusione aibu kwa hilo. Majahazi ya mto Kongo hupeleka makasha ya bia hadi bandari za mbali za mto, na kwa upana wa nchi ipitwayo, hiyo nayo ni safari kuu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba orodha ya bia melini iliandikwa kwanza na joto na muda, kisha na sheria na bendera, na leo na chombo cha kutilia na mapatano ya makampuni. Ladha ya mnywaji huja mwisho.

Tumalizie kwa jambo lililo karibu nasi. Kiwanda kilichounda AIDAblu ndicho kilichounda, mwaka 1913, meli Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaelea juu ya ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia. Iliibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikachukua abiria na bidhaa za watu wa ziwa kwa miongo mingi. AIDAblu hulazimika kwanza kuitoa chumvi bahari ndipo ipate glasi moja ya bia. Liemba ilielea juu ya maji matamu yasiyo na kifani barani, ikizunguka baina ya nchi nne. Maji tunayo, na mnywaji tunaye. Kilichokosekana kwetu ni kalamu ya kuiandikia orodha, na kalamu hiyo ni kumiliki bandari, chombo na soko. Ukiona vyaelea, basi, usiulize tu ni nani aliyeviunda. Uliza pia ni nani aliyevipakia.