Fisi Anayeitwa Shenzi

Nilipokwenda London kwa kozi fupi, nilishindia chai na mkate siku nne ili nipate pesa ya tiketi ya The Lion King katika ukumbi wa Lyceum. Kiti cha bei ya chini kabisa, juu kabisa, karibu na dari. Mimi ni mpenzi wa tamthilia za muziki tangu nikiwa sekondari, Tarime, nilipoiona filamu ya Sarafina! na kulia mbele ya bweni zima. Nilikwenda Lyceum nikiwa tayari kulia tena.

Taa zilizimwa, Rafiki akapaza sauti, na wanyama wakaanza kuingia wakipita katikati ya watazamaji. Mwili ulinisisimka. Lakini hadi mapumziko nilikuwa nimekunja mikono, na mwishoni, ukumbi mzima uliposimama kushangilia, nilisimama tu kwa sababu wenzangu walisimama.

Kila nikilisema hili, rafiki zangu wanadhani nalalamikia Kiswahili chake, kwamba hapa kwetu tunasema "hakuna shida" na si "hakuna matata". Hapana. Wala sina ugomvi na ufundi wake. Filamu ya katuni ilitoka mwaka 1994. Tamthilia ikafunguliwa Minneapolis Julai 1997 na Broadway Novemba mwaka huohuo, kisha London mwaka 1999. Mwaka 1998 ilipata tuzo sita za Tony, na Julie Taymor akawa mwanamke wa kwanza kushinda ile ya uongozaji wa tamthilia ya muziki. Alistahili. Vinyago vyake hukaa juu ya kichwa, hivyo uso wa mwigizaji unaonekana chini ya uso wa simba.

Shida yangu inaanzia hapohapo. Nyuso nyingi nilizoziona zilikuwa za watu weusi, wakiimba kwa sauti ambazo sijazisikia popote. Lakini katika hadithi yenyewe hakuna mtu hata mmoja. Miaka kumi kabla, mwaka 1988, Sarafina! ya Mbongeni Ngema ilifika Broadway na wanafunzi wa Soweto waliokuwa watu kamili: wana walimu, wana mama zao, wana hasira. The Lion King ilileta Afrika nyingine, yenye nyasi na machweo, isiyo na moshi wa jiko hata mmoja.

Mimi nasomea shahada ya uzamili ya historia, na nchi hiyo isiyo na watu nilikwishakutana nayo kwenye vitabu. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka humo kwenda Ngorongoro. Mwaka huohuo Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu yake juu ya Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar. Aliwapenda wanyama kwa dhati, na mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege wakiwa katika kazi hiyo. Lakini msimamo wake ulikuwa kwamba ndani ya hifadhi asiishi binadamu yeyote, hata mwenyeji. Katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, likaongezwa hifadhini. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata na Wakurya walibaki nje ya mstari, na aliyerudi ndani na upinde aliitwa jangili.

Tamthilia haiitaji Serengeti, na sidai kwamba waandishi wake walikuwa na ramani ya hifadhi mezani. Lakini tazama jinsi ilivyopangwa. Kuna ardhi njema yenye mpaka. Nje ya mpaka wanakaa fisi wenye njaa. Wakiruhusiwa kuingia, mvua inakoma na nyasi zinakauka; wakifukuzwa, nchi inapona. Na kiongozi wa fisi hao anaitwa Shenzi. Wakaguzi wa Kiingereza husikia jina tu. Sisi tunasikia neno ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, na ambalo baadaye wakoloni walimbandika Mwafrika yeyote waliyemdharau.

Mtu ataniambia ni hadithi ya wanyama tu, na hata sisi tuna fisi mjinga kwenye hadithi zetu. Ni kweli. Lakini fisi wa hadithi tulizosimuliwa anaishi kijiji kimoja na sungura. Analima naye, anaalikwa harusini, anakula nyama ya watu na kuaibika mbele ya wote. Hafukuzwi ili nchi ipone.

Desemba nilirudi Susuni. Bibi yangu aliolewa hapa akitokea upande wa Mto Mara, na kaka zake walichunga ng'ombe huko kabla ya mstari kusogezwa. Jioni moja, akipepeta ulezi, nilimwonyesha kipande cha tamthilia hiyo kwenye simu. Aliwacheka sana twiga. Alisema waigizaji wale wanatembea kama vijana wetu wanaocheza ritungu wakiwa wamevaa viatu vyao virefu vya mti.

"Na huyu fisi wanamwitaje?"

"Shenzi, bibi."

Ungo ulisimama. "Nani kampa jina hilo?"

"Wazungu walioandika."

"Kwao ni wapi?"

"Nje ya mpaka. Hawaruhusiwi kuingia."

Hakusema kitu. Alipepeta mara mbili tatu, akapuliza makapi. Nilikuwa nimeandaa maelezo yangu yote, kuanzia mwaka 1951, na nikaona hayahitajiki. Yeye alikuwa ameielewa tamthilia ile kwa dakika nne, bila tiketi.

Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akanisogelea. "Rudisha pale mwanzo, mjukuu wangu. Pale mama yule anapoimba."

Nikarudisha. Tukamsikiliza Rafiki mara mbili, mpaka simu ikazimika chaji.