Nguzo Mbele ya Pua

Bado nasikia watu wakisema halo iliharibu sura ya magari ya langalanga. Sura, kweli? Julai 2009, pale Brands Hatch, gurudumu lililochomoka kwenye gari la mwenzake lilimpiga Henry Surtees kichwani, akafa. Alikuwa na miaka 18. Siku sita baadaye, Hungary, springi ikampasua Felipe Massa juu ya jicho.

Hofu ya madereva ilikuwa kutoona, maana nguzo ya halo iko katikati kabisa. Lakini macho ni mawili. Simamisha kidole mbele ya pua, halafu tazama mbali: utaona kinachofichwa na kidole. Kioo cha kukinga ndicho kilichoshindwa. Sebastian Vettel alikijaribu Silverstone 2017, mzunguko mmoja tu, kizunguzungu kikamshika.

Basi 2018 halo ikawa lazima. Romain Grosjean alikuwa kati ya walioipinga. Novemba 2020, Bahrain, gari lake lilitoboa reli ya chuma, likakatika vipande viwili, likawaka. Halo ikaizuia reli isimfikie kichwa. Jamaa alitoka motoni mwenyewe, mikono imeungua, na akiwa kitandani hospitalini akarekodi video kuisifu.